Kurekebisha rangi iliyopigwa vibaya kwenye gari la zamani lililofufuliwa

Gari la zamani likishafufuliwa, sehemu kubwa ya kazi huwa imefichika. Injini imefunguliwa na kufungwa upya, sakafu imeungwa mabati mapya, waya zimebadilishwa, na mtu asiyeambiwa hawezi kuona lolote kati ya hayo. Anachokiona ni rangi. Kwa hiyo inauma sana gari linapotoka kwa fundi rangi likiwa na michirizi iliyokaukia chini ya vitasa, ukungu mweupe juu ya paa na vumbi lililonasa kwenye boneti. Wenye magari wengi wakifika hapo huchukua moja kati ya njia mbili za haraka: ama wanalirudisha gari kwa fundi apige rangi nyingine juu ya ile mbaya, ama wananunua dawa ya kung'arishia na kuanza kusugua siku hiyo hiyo. Rangi nyingi za aina hii zinaokoka bila gari zima kukwanguliwa, ila ni lazima kwanza ijulikane ni rangi gani, ina unene kiasi gani na kasoro yake imeanzia tabaka gani. Msasa unakuja baada ya majibu hayo.

Mfano utakaotumika hapa ni Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 iliyopigwa rangi moja isiyo na chembe za metali. Limechaguliwa kwa sababu bado magari hayo yapo mengi kwenye gereji za Afrika Mashariki, ambako Beetle iliwahi kushinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na pia kwa sababu madigadi zake nne zimefungwa kwa bolti, hivyo sehemu mbaya inaweza kung'olewa na kushughulikiwa peke yake mezani. Mwenye Peugeot 404 au Datsun ya zamani atafuata hatua zile zile. Mwenye Land Rover ana tofauti moja ambayo itaelezwa mahali pake.

Hatua ya kwanza: kuosha na kukagua

Osha gari lote kwa maji mengi na sabuni isiyo na nta, ulikaushe, kisha ufute uso mzima kwa dawa ya kuondolea mafuta kwa kutumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia kabla dawa haijakauka yenyewe. Ukitumia kitambaa kimoja unahamisha mafuta kutoka mahali hadi mahali. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini polishi ambayo fundi ameipaka dakika za mwisho ili gari ling'ae siku ya kukabidhiwa huficha nusu ya kasoro, na hutaziona mpaka uiondoe.

Baada ya hapo liingize gari kivulini au ndani ya banda, uwashe taa ndefu ya tyubu na usimame pembeni ya mlango ili mwanga wa taa uakisiwe kwenye rangi. Tazama ule mstari wa mwanga, usiitazame rangi yenyewe. Mstari ukionekana umenyooka na kingo zake ni kali, uso huo ni mzuri. Ukiwa umenyooka lakini kingo zake zimevunjikavunjika, hilo ndilo mafundi wanaliita ganda la chungwa, na ni kasoro ya juu. Mstari wote ukipinda na kurudi kadiri unavyosogea, tatizo liko kwenye bati au kwenye puti, yaani ule ujazo unaosawazisha mabonde ya bati, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayolinyoosha. Weka alama kwa vipande vya tepu ya karatasi kila unapoona jambo, na uandike juu ya tepu ni jambo gani, kwa sababu ukishaanza kusugua uso wote utakuwa wa kijivu na hutakumbuka chochote.

Kwenye Beetle, chunguza hasa mpira mwembamba unaokaa kati ya madigadi na bodi. Fundi mwenye haraka hupuliza rangi juu yake bila kufungua madigadi. Muda si mrefu gari hutikisika, rangi iliyounganisha mpira na bati hupasuka kwa mstari mrefu, na maji huanza kuingia chini yake. Ukikuta mpira huo umepakwa rangi, basi unajua kwamba madigadi hazikufunguliwa, na kwamba chini ya mpira hakuna praima mpya, yaani rangi ya msingi inayotangulia juu ya bati. Tazama pia raba za vioo. Ukingo wa rangi uliopanda juu ya raba ni ushahidi wa aina hiyo hiyo.

Hatua ya pili: kujua ni rangi ya aina gani

Njia nyepesi ni kumuuliza aliyeipiga. Muulize kwa heshima na kwa maswali mahususi: alitumia NC (inayokauka kwa tina kuruka) au 2K (inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigumisha), chini yake alipiga praima gani, na je, alikwangua rangi ya zamani au alipiga msasa tu na kuendelea? Fundi anayejua kazi yake hujibu bila kusita hata kama kazi ilimharibikia. Hata hivyo, majibu yake yathibitishwe.

Chukua kitambaa cheupe, ukiloweshe kidogo kwa tina ya NC, kisha ukikandamize mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye ukingo wa ndani wa boneti. Kitambaa kikichukua rangi upesi na uso ukawa unanata, hiyo ni NC, yaani rangi inayokauka kwa tina kuruka tu na ambayo tina inaweza kuiyeyusha tena hata baada ya miaka. Kitambaa kikibaki cheupe na uso ukabaki mgumu, hiyo ni 2K iliyokauka vizuri kwa hadna. Rangi ikikunjamana na kuvimba badala ya kuyeyuka, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni rangi ya mafuta ya sintetiki, na hii ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa NC ikipulizwa juu yake tina yake kali huinyanyua na kuikunja mbele ya macho ya fundi.

Inafaa pia kujua kama kuna klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi linalopigwa juu ya rangi. Lowesha msasa wa namba 2000, usugue mara chache mahali palepale pa siri, uangalie rangi ya maji. Yakiwa meupe kama maziwa, unasugua klia. Yakichukua rangi ya gari, hakuna klia, na kila unachoondoa ni rangi yenyewe. Beetle za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani bila klia, na mimi napendelea zipigwe upya hivyo hivyo, maana klia nene juu ya rangi nyeupe ya zamani hulifanya gari lionekane limefunikwa kwa plastiki. Hilo lakini ni suala la ladha.

Hatua ya tatu: kupima unene

Kifaa cha kupima unene wa rangi kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) kinapatikana kwa bei ambayo ni ndogo kuliko gharama ya kupiga upya mlango mmoja, na nashauri kukinunua au kukiazima. Nywele ya binadamu ina unene wa mikroni 70 hivi. Klia iliyopigwa vizuri huwa na mikroni kati ya 40 na 60 tu, na kusawazisha ganda la chungwa kunaweza kuondoa mikroni 10 hadi 15, pengine zaidi. Kwa hiyo mchezo wote unachezwa ndani ya nafasi ndogo kuliko jicho linavyoweza kukadiria. Pima kila bamba mahali pengi: katikati, karibu na kingo, chini ya madirisha, na juu ya paa.

Namba zinaeleza historia ya gari. Bamba lenye mikroni 120 hadi 200 kote lina praima na rangi pekee. Lenye 300 hadi 500 huenda limepigwa rangi juu ya rangi bila kukwanguliwa. Ukikuta 1,000 na kuendelea, hapo kuna puti, na puti ya unene wa milimita moja haina ubaya wowote ikiwa imekaa juu ya bati safi, ila ikifika milimita tatu au nne kwenye mlango unaofungwa kwa kishindo kila siku, itapasuka siku moja. Asiye na kifaa anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa chembamba. Inapolegea au kuanguka, chini yake pana puti nene. Hapa ndipo Land Rover inapotofautiana, kwa sababu mabamba yake mengi ya nje ni ya aloi ya aluminiamu ambayo sumaku haishiki kabisa, na mtu asiyejua anaweza kudhani gari zima ni puti.

Hatua ya nne: kuamua

Sasa rudi kwenye tepu zako na uzigawe. Vumbi lililonasa, michirizi, ganda la chungwa, mikwaruzo ya duara iliyoachwa na mashine na ukungu mwepesi ni kasoro za juu, na zinarekebishwa kwa msasa wa maji na kung'arisha ikiwa unene unaruhusu. Alama za msasa zinazoonekana chini ya rangi, kingo za puti zinazojichora, na vishimo vidogo vyenye umbo la bakuli ambavyo husababishwa na silikoni au mafuta, ni kasoro za tabaka la kati, nazo zinataka bamba lisawazishwe na kupigwa upya. Malengelenge, nyufa, rangi inayobanduka kwa vipande na kutu inayochungulia ni kasoro za chini, na hapo hakuna mjadala, ni lazima ufike kwenye bati.

Kuna kasoro moja inayowadanganya watu wengi, nayo ni matundu madogo kama ya ncha ya sindano, yanayotokea rangi inapopigwa nene mno na tina ikakwama chini ya ngozi iliyokwisha kukauka juu. Yanafanana na vumbi. Ukiyasugua, yale ya juu yanatoweka lakini mengine yanafunguka chini yake, na utaendelea hivyo hadi umalize rangi yote. Yatazame kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuanza: chembe ya vumbi imetokeza juu, tundu limezama ndani.

Hatua ya tano: msasa wa maji

Rangi iwe imekauka hadi ndani kabla ya kuguswa. 2K iliyopigwa katika joto la kawaida ipewe siku kadhaa. NC ipewe wiki kadhaa, kwa sababu inaendelea kusinyaa muda mrefu baada ya kuonekana kavu, na ukiisawazisha mapema itazama tena na alama zote zitarudi. Jaribu kwa ukucha mahali pa siri. Ukucha ukiacha alama, ngoja.

Loweka karatasi za msasa za namba 1500, 2000 na 3000 kwenye ndoo ya maji safi yenye matone machache ya sabuni, kwa nusu saa angalau, ili karatasi ilainike na kingo zake zisikwaruze. Funika kila ukingo na kila mstari uliotokeza kwa tepu ya karatasi: ukingo wa mlango, pindo la madigadi, na ule mgongo unaopita katikati ya boneti ya Beetle. Rangi hukaa nyembamba kwenye kingo, kwani inapokuwa bado majimaji hujivuta kutoka hapo, na ndipo wengi wanapotoboa hadi praima kwa mikono yao wenyewe. Utaziondoa tepu mwishoni na kupitisha namba 3000 mara moja mbili kwa kidole.

Zungushia msasa kwenye kipande cha raba kigumu kiasi, sio kwenye vidole vitupu, maana vidole hubonyeza kwa mistari na mistari hiyo itaonekana baadaye. Anza na namba 1500 kwa mwendo ulionyooka wa upande mmoja, ukimwagia maji muda wote. Baada ya kupita mara kumi hivi, simama. Futa maji kwa raba ya kufutia vioo na utazame uso ukiwa mkavu, kwa sababu maji hujaza mabonde na kukufanya udhani umemaliza. Sehemu zilizoguswa zitakuwa zimefifia, na kati yake kutakuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa. Kila kidoa kinachong'aa ni bonde ambalo msasa haujalifikia. Kadiri unavyoendelea, vidoa hupungua na kuwa vidogo kama vichwa vya pini. Hapo unaamua. Ukipima na kukuta unene unashuka upesi, viache vidoa vichache vya mwisho, kwa sababu ganda la chungwa hafifu ni bora kuliko shimo la praima katikati ya mlango, na hata kiwandani magari hayo hayakutoka yakiwa kioo.

Uso ukiwa umefifia kote kwa usawa, badilisha maji ya ndoo, suuza bamba, na uende namba 2000 kwa mwendo unaokatiza ule wa kwanza, ili ujue kwamba mistari ya 1500 imekwisha unapoona mistari ya upande mmoja tu. Kisha 3000. Chembe moja ya mchanga iliyobaki kwenye ndoo inatosha kurudisha kazi nyuma, kwa hiyo ndoo isikae chini kwenye udongo na msasa ulioanguka usirudishwe kazini.

Michirizi ina utaratibu wake. Usianze kuisugua kwa msasa mpana, kwa kuwa utaondoa rangi nzuri iliyo pembeni kabla ya kuumaliza mchirizi wenyewe. Bandika tepu pande zote mbili karibu kabisa na mchirizi, kisha chukua wembe mpya, uushike wima kwa vidole viwili huku umeupinda kidogo sana ili kona zake zisichimbe, na uuvute kuelekea kwako kwa uzito mdogo. Unga mwembamba wa rangi utatoka. Ukifika usawa wa tepu, ondoa tepu na umalizie kwa kipande kidogo cha msasa wa 1500 kilichobandikwa kwenye kijiti kilichonyooka. Mchirizi ambao ukiubonyeza unahisi ulaini ndani haujakauka. Uache, vinginevyo utafunguka na kuacha shimo.

Hatua ya sita: kung'arisha

Mashine ya kung'arisha izunguke taratibu, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika kwa ile inayozunguka moja kwa moja. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu katika gereji nyingi sponji la kung'arishia hufungwa kwenye grainda ya kukatia vyuma, ambayo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Grainda huunguza rangi kabla mtu hajapata nafasi ya kuiinua. Ile mikwaruzo ya duara inayoonekana juani kwenye magari mengi yaliyotoka kupigwa rangi, chanzo chake kikubwa ni haraka ya namna hii na sponji chafu.

Weka dawa kidogo ya kusugulia, sambaza kabla ya kuwasha mashine, fanya kazi kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50, na usisimame mahali pamoja. Gusa bati kwa kiganja mara kwa mara. Likiwa la moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, pumzika. NC hulainika kwa joto haraka kuliko 2K na hujaza sponji, hivyo itake mwendo wa chini zaidi na sponji lisafishwe mara nyingi. Kingo na mahali pa kona zifanywe kwa mkono. Dawa kali ikishaondoa alama za msasa, badilisha sponji, si dawa tu, na umalizie kwa ile laini.

Ukungu mweupe juu ya NC una dawa ya pekee. Hutokea tina inaporuka upesi na kuupoza uso hadi unyevu wa hewani unaganda juu yake, jambo la kawaida Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hasa wakati wa masika. Ukiwa mwepesi unaondoka kwa kung'arisha. Ukiwa mzito, subiri siku kavu, upulize tabaka hafifu sana la tina inayokauka polepole juu ya paa lote, nayo itaifungua rangi, itatoa unyevu na kuufuta ukungu. Hili linawezekana kwenye NC pekee.

Hatua ya saba: bamba linalohitaji kupigwa upya

Fungua madigadi badala ya kuzizungushia tepu. Bolti zake zinafunguka kwa spana namba 13, na zikiwa na kutu zinyunyizie mafuta ya kulainisha siku moja kabla, kisha uoshe sehemu yote kwa dawa ya kuondolea mafuta, kwani mafuta hayo hayo ndiyo yanayozaa vile vishimo vya bakuli rangi mpya inapopulizwa. Mpira wa zamani utupwe. Kuukwangua rangi ni kazi ndefu kuliko bei ya mpya.

Kabla hujaanza kurusha vumbi hewani, kumbuka kwamba rangi za zamani za gari la miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tabaka za chini zisuguliwe kwa maji, vumbi lisifagiliwe likiwa kavu, na watoto wasiwe karibu. Puti tu ndiyo isiyosuguliwa kwa maji ikiwa wazi, kwa sababu hunyonya maji, na maji hayo ndiyo malengelenge ya mwaka ujao. Sehemu yenye puti isuguliwe kavu kwa namba 80, kisha 180, kisha 240, huku umevaa barakoa ya vumbi iliyo nzuri, na ifunikwe kwa praima kabla ya maji kuigusa.

Palipo na lengelenge, likate na uangalie chini yake. Ukikuta bati jeupe kavu, tatizo ni rangi iliyokosa kushika. Ukikuta kahawia, endelea kukwangua hadi kahawia iishe kabisa, hata kama inakupeleka sentimita kumi kutoka ulipoanzia. Na bati likitoboka, kata na uunge jipya, puti haizibi tundu. Bati tupu lipigwe praima ya epoksi siku hiyo hiyo, kwa kuwa hewa ya pwani huanza kutia kutu kwa usiku mmoja. Epoksi hiyo pia ndiyo inayotenganisha rangi ya zamani ya sintetiki na ile mpya zisigombane. Juu yake inakuja praima ya kujazia, inayosuguliwa kwa maji hadi namba 600. Kabla ya kuisugua, ipulizie ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya mkebe. Weusi unaobaki baada ya msasa kupita utakuonyesha bonde lililopo.

Kuhusu kulinganisha rangi, namba ya kiwandani ni mwanzo mzuri. Volkswagen ilizitambulisha rangi zake kwa herufi L na tarakimu, kama L87 ambayo ni nyeupe ya lulu au L456 ambayo ni nyekundu ya yakuti, na duka la kuchanganya rangi linaweza kuzitafuta. Gari likiwa limekwisha kupigwa upya, namba hiyo haitalingana na mlango wa jirani. Sugua kwanza mlango huo hadi ung'ae, ndipo upeleke kipande au kifuniko kidogo dukani, kwa maana rangi iliyofifia ikisuguliwa hubadilika, na wengi wamelinganisha na rangi iliyochakaa kisha wakaing'arisha baadaye na kubaki na gari la rangi mbili.

Upulizaji wenyewe unaharibika kwa sababu chache zinazojulikana. Bunduki ikiwa mbali mno, shinikizo likiwa dogo au tina ikiwa ya kukauka upesi kwenye joto, unapata ganda la chungwa. Ikiwa karibu mno au mkono ukichelewa, unapata michirizi. Pua ya milimita 1.3 au 1.4, shinikizo la baa 2 hivi, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila mpito ufunike angalau nusu ya uliotangulia. Uwiano wa rangi, hadna na tina usomwe kwenye mkebe na upimwe kwa kikombe chenye alama. Kukadiria kwa macho ni desturi ya gereji inayopaswa kuachwa. Pwani chagua hadna na tina za polepole. Nairobi, ambako usiku wa Julai hushuka kuelekea nyuzi 11 au 12, shida hugeuka, na 2K iliyopigwa alasiri huamka asubuhi bado laini. Kumwaga maji sakafuni huzuia vumbi vizuri, ila kwa NC na hewa ya pwani unabadilisha vumbi kwa ukungu, kwa hiyo lowesha mapema na uache sakafu ikauke nusu. Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kila kipindi cha kazi.

Hadna ya 2K ina isosianeti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na akishaipata hata mvuke kidogo huiamsha. Kitambaa mdomoni au barakoa ya vumbi havizuii chochote. Kinachofaa ni kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, pamoja na glavu na miwani. Asiye na vifaa hivyo amwachie kazi ya 2K aliye navyo, naye ashughulikie msasa na kung'arisha.

Piga tabaka mbili hadi tatu, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine au kama mkebe unavyoelekeza. Tabaka la kwanza liwe jepesi. Ukiona vishimo vya bakuli vinatokea kwenye tabaka hilo, simama hapo hapo, liache likauke, lisugue na usafishe upya, kwani kuongeza rangi hakuvifuniki.

Kurudisha na kutunza

Madigadi irudishwe baada ya rangi kuwa ngumu, pamoja na mpira mpya, bolti zote zikishikwa kwa mkono kwanza na kukazwa taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, huku mpira ukivutwa ukae sawa. Pindo zilizo chini na nyuma ya madigadi, ambako matope ya magurudumu hukusanyika, zipakwe dawa ya kuzuia kutu kabla ya kufunga. Andika kwenye mkebe uliobaki aina ya rangi, uwiano uliotumika na tarehe, na uufunge sana mkebe wa hadna, kwa kuwa unyevu wa hewa huiharibu.

Nta isipakwe kabla ya mwezi mmoja, ili tina iliyobaki ndani ipate njia ya kutoka. Katika mwezi huo gari lioshwe kwa maji baridi kivulini, lisifunikwe kwa turubai la plastiki, na lisiegeshwe chini ya mwembe. Utomvu wake na kinyesi cha ndege vikianguka kwenye rangi changa, vimwagiwe maji na kuondolewa siku hiyo hiyo, bila kusugua.